Msitume Hata Shilingi

Nyumba yangu ilikuwa ikiendeshwa kwa kidole kimoja, na kidole chenyewe ni hiki changu cha mkono wa kulia. Nasema hivyo bila ya kujikweza, maana waliokuja kwangu wameona. Mimi skuli niliiacha darasa la nne. Nikaingia kuchukua chokaa na saruji kwa mafundi waliokuwa wakitengeneza majumba ya Mji Mkongwe, napandisha debe ngazi baada ya ngazi, mgongo umechubuka. Leo nna duka la vifaa vya ujenzi Darajani, milango miwili, na naishi ghorofa ya juu ya nyumba ile ile niliyoipandishia chokaa nikiwa kijana. Hakuna aliyenishika mkono. Kila jiwe nimeliweka mwenyewe.

Kusoma nasoma, lakini pole pole, herufi zikinichezea. Kwa hiyo simu yangu niliipanga kwa milio na rangi. Jogoo akiwika, ni maji yamefunguliwa, washa pampu kabla majirani hawajayamaliza. Ikilia ngoma, ni siku ya kununua umeme. Ikilia kengele ya baiskeli, ni dawa ya presha ya mama, nipige kule shamba jirani amkumbushe. Na fedha zote zimo humo humo kwenye laini, zimegaiwa kwa vidoto vya rangi, kila kidoto na fungu lake: kijani cha chakula, chekundu cha umeme, cha buluu cha skuli, cha manjano cha mama. Nikitaka kujua nyumba yangu ina hali gani siulizi mtu. Naitoa simu kwenye mfuko wa kanzu, naangalia vidoto, narudisha. Watu wenye shahada zao wanakuja dukani kukopa misumari, mwisho wa mwezi hawajui mshahara umekwenda wapi. Mimi nilikuwa nikijua hata ndimu moja imenunuliwa kwa kiasi gani.

Mke wangu hakuupenda mpango huu, lakini hakugomba, ndiyo tabia yake. Pesa ya matumizi nilikuwa nikimtumia kila asubuhi kwa simu, na yeye yuko ubavuni kwangu ananimiminia chai. Simu yake ikilia mlio wa pesa, ananitazama.

"Yakhe, mimi si niko hapa? Si ungenipa mkononi?"

"Mkononi hakuna kumbukumbu."

"Haya. Kumbukumbu imefika. Kunywa chai."

Yeye alikuwa anashona kofia, zile za mkono, za vitobo vidogo vidogo kama macho ya sindano. Kofia yake moja ilikuwa inachukua miezi. Namba za simu za watu wake alikuwa akiziandika kwa penseli nyuma ya mlango wa jiko, na mimi nilikuwa nikimwambia kila siku azifute, nipake rangi, watu wa leo hawaandiki mlangoni.

Laini yangu, kwenye daftari la kampuni, ilikuwa ya mama. Hili nalieleza mapema ili lieleweke. Ilipokuja amri ya kusajili laini kwa alama za vidole, nilikwenda kwenye kibanda pale Darajani, nikaweka kidole, kashine ka kusomea vidole kakakataa. Nikaweka chengine, kakakataa. Chokaa nimeishika tangu sijaota ndevu. Ncha za vidole vyangu ni laini kama kigae, hakuna mstari hata mmoja. Yule kijana akasema nikafanyiwe utaratibu mwengine, nijaze karatasi, nirudi. Mimi nina duka, wateja wananisubiri. Siku ile mama alikuwa amekuja mjini kwa miadi ya presha, amekaa kwenye benchi na buibui lake. Nikamwambia, mama, weka wewe. Akaweka kidole cha shahada, taa ikawa kijani, tukaenda zetu. Nani angelifikiria jambo hilo mara ya pili? Mimi sikulifikiria.

Halafu kulikuwa na group la ukoo. Nililianzisha mimi, nikawaingiza wote, wa mjini na wa shamba. Mwanzo lilikuwa na faida. Baadaye likawa ni michango tu. Huyu anaoza binti, yule kaezuliwa bati, mwengine mtoto wake kavunjika mkono mpirani. Kila nikifungua, nimetajwa mimi, kwa sababu wanajua. Siku moja nikabonyeza pahala, nikafunga, ikawa mwenye kusema mle ni mwenye group peke yake, na mwenye group ni mimi. Kaka yangu mkubwa, anayefanya kazi kwenye shamba la viungo Kizimbani, akanipigia.

"Bwana mdogo, umetufunga midomo?"

"Nimeweka utaratibu, kaka. Group si baraza."

"Group si baraza," akarudia, kama mtu anayelionja neno. Akakata.

Tangu hapo nikawa natia mimi. Picha ya geti jipya, risiti ya umeme wa mwezi mzima, ushauri wa namna ya kupanga matumizi. Na zilipozuka habari za wezi wa mitandao, wale wanaopiga kwa namba ngeni wakajifanya jamaa yako, nikatia ujumbe wa sauti. Nautaja neno kwa neno, kwa sababu nimeusikiliza baadaye mara nyingi kuliko ninavyopenda:

"Assalaam alaykum. Mtu akikupigieni kwa namba ngeni akasema ni mimi, msitume hata shilingi. Wezi wa siku hizi wanaiga mpaka sauti. Hata mkisikia ni sauti yangu hasa inakuombeni, jueni si mimi. Mimi siombi."

Huo ndio ujumbe wa mwisho uliobaki mle.

Jicho la mke wangu lilianza kwa nyuzi nyeusi. Alikuwa anashona, akasema kuna uzi umeshika kwenye sindano, anaupangusa hautoki. Kesho yake akasema anaona masizi yanadondoka, akatazama dari akidhani ni jiko la jirani. Siku ya tatu, jioni, akaniambia, bila ya kunyanyua uso, "Huku upande wa kushoto kuna pazia linafungwa."

Daktari wa macho hapa Unguja alimtazama, akatuambia tuvuke Dar haraka. Akanieleza: ndani ya jicho, ukuta wa nyuma, kuna ngozi nyembamba ndiyo inayoona. Imeanza kubanduka. Mimi nikamfahamu mara moja, nimeona rangi ngapi zikibanduka kwenye kuta zenye unyevu! Inaanza pembeni, unaiona inavimba, usipoiwahi inashuka yote.

"Ikishuka yote?" nikauliza.

"Tunairudisha. Lakini kuirudisha si kuona. Kwa sasa pale katikati, penye kuona sura na kusoma, bado pameshika. Muwahi kabla hapajaachia."

Basi hilo ndilo lililokuwa. Katikati ya jicho la mke wangu, kipande ambacho sidhani kinafika punje ya mtama, bado kimeshika.

Akavuka na boti ya asubuhi pamoja na mdogo wake. Mimi nilibaki kukusanya fedha. Hospitali ile ya Dar ilikuwa ya kulipa kwanza. Ukilipa kabla ya alasiri, jina linaingia kwenye orodha ya kesho asubuhi. Nikaita madeni yangu yote, nikauza saruji kwa jirani kwa bei ya kutupa, nikavunja vidoto vyote, kijani, chekundu, hata cha manjano cha mama, vikawa kitu kimoja. Ilipofika saa nne asubuhi fedha zimetimia, zote zimo kwenye laini. Asubuhi ile gatini, akipanda boti, nilikuwa nimemwambia mke wangu, "Ukifika hospitali wakikupa namba ya malipo, nisomee tu. Nabonyeza, imekwisha." Naye akajibu kwa kunifinya kidole, ameinamisha uso, maana alikatazwa kuutikisa.

Nilikuwa naisubiri namba hiyo dukani. Akaja mteja, mwenye nyumba ya zamani, anataka chokaa ya kukandika ukuta wa mawe, na kijana wake anamwambia watie saruji. Mimi jambo hili siwezi kulinyamazia. Saruji kwenye ukuta ule inafunga unyevu ndani, ukuta unaoza. Nikamchukua nyuma ya duka, kwenye pipa ninalozimulia chokaa mbichi kwa maji, inachemka bado, inatoa moshi. Nikainama kumuonesha inavyotakiwa kuwa, nzito kama uji wa mgonjwa, simu ikatoka kwenye mfuko wa kanzu.

Haikupiga hata kelele. Ilizama kama kijiko.

Niliingiza mkono. Watu walinivuta, mkono umeshaungua mpaka kiwiko, na nilichokitoa ni kitu cheusi kinachotoa povu. Laini ndani yake imejikunja kama ganda la kitunguu. Yule mteja anasema, "Pole mzee, simu zipo nyingi." Nilikwenda kibandani mbio, chokaa inadondoka kwenye kanzu.

Safari hii kulikuwa na msichana, mwenye adabu zake. Akatazama kashine kake.

"Laini ni ya Bi mkubwa mmoja hapa."

"Mama yangu."

"Basi aje aweke kidole, nakupa nyengine, dakika tu."

"Yuko Kizimkazi."

"Mlete, baba. Bila ya yeye mwenyewe siwezi, hata ungekuwa waziri."

Nikaazima simu ya jirani yangu wa duka. Namba nilikuwa siijui hata moja. Mtu mzima, nina namba mia mbili ndani ya simu, kichwani sina kitu. Ikabidi nipande nyumbani, nikafungue mlango wa jiko. Zipo. Kwa penseli, mkono wake mdogo mdogo, na pembeni ya kila namba kachora kitu kwa ajili yangu: samaki kwa yule muuza samaki, mkarafuu kwa kaka. Nilisimama pale nikaegemea mlango. Nikampigia mdogo wake.

"Nani?" Sauti kali.

"Shemegi, ni mimi. Simu yangu imeungua."

"Wewe nani? Namba hii siijui."

Nikaanza kumueleza, nikakohoa. Nikamsikia mke wangu kwa nyuma, sauti imetulia:

"Ni yeye huyo. Akiogopa hukohoa."

Akapewa simu. Nikamwambia fedha zipo, zimekwama, namfuata mama, kabla ya alasiri zitakuwa zimeingia. Akauliza mkono wangu una nini, kajuaje sijui, nadhani alisikia ninavyohema. Nikasema hauna kitu. Akasema, "Pazia limesogea kidogo. Usiendeshe mbio."

Niliendesha mbio. Njia nzima ya kusini mkono wa kulia nimeuweka kwenye ndoo ya maji, naendesha gari kwa mmoja. Mama nilimkuta uwani anapiga makumbi. Ndiyo kazi yake toka nazaliwa: makumbi ya nazi yanafukiwa pwani mpaka yaoze, yanafukuliwa, yanapigwa kwa gongo yatoke usumba, usumba unasokotwa kamba. Mara ngapi nimemwambia aache! Kidoto cha manjano kilikuwa cha nini? Anasema mikono ikikaa bure inavimba. Simu hana. Nilikuwa nasema nitamnunulia, yeye anasema aibonyeze kwa nini, na jirani anayo.

"Shikamoo mama. Vaa buibui, twende mjini."

"Marahaba. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Nataka kidole chako."

Akanitazama, akautazama mkono wangu, akaliweka gongo chini. Hakuuliza tena mpaka tulipofika njia kuu, na hapo nikamueleza yote, na yeye akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini, hakuacha mpaka Darajani.

Msichana akamkalisha, akampangusa kidole kwa kitambaa. Kidole cha shahada. Nyekundu. Akampangusa tena, nyekundu. Cha gumba, nyekundu. Akaugeuza mkono wa mama, akautazama, na mimi nikautazama, na naapa nilikuwa sijautazama hivyo maisha yangu yote. Vidole vyeupe, vinang'aa, vimesuguliwa na usumba mpaka ncha zimekuwa kama za mtoto mchanga. Kama vyangu. Siku ile tuliposajili bado alikuwa na mstari mmoja wa mwisho, na miaka yote iliyofuata alikuwa anausokota kwenye kamba.

Vyote kumi vikapita, nyekundu. Foleni nyuma yetu inanung'unika.

"Na cha mguu je?" mama akauliza, kanyoosha mguu. Watu wakacheka, na msichana akacheka, halafu akanitazama akaacha.

"Baba, vidole hivi vinataka kupumzika. Apakwe mafuta ya nazi, asishike kazi, ngozi itarudi. Wiki, pengine zaidi."

"Mke wangu ana mpaka alasiri."

"Nafahamu. Lakini kashine hakafahamu."

Nilimtia mkononi kitambulisho cha mama, changu, cha kupigia kura, leseni. Nilimuonesha mkono ulioungua kama ndio stakabadhi. Akasema ataandika maombi makao makuu, na kweli aliandika, nilimuona. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeshapita.

Basi nikarudi dukani, nikashika ile simu ya kuazima na ile orodha niliyoinakili kutoka mlangoni, nikaanza kuwapigia watu wangu. Mimi. Sijawahi kufanya hivyo, na sikujua linafanywaje. Nilianza na shangazi.

"Shangazi, shikamoo. Ni mimi. Nna shida, naomba..."

"Ala! Mapema hivi! Juzi juzi tu tumeambiwa wezi mtakuja."

"Shangazi, ni mimi hasa."

"Kama ni wewe, nilikupa nini siku uliyotiwa jandoni?"

Miaka zaidi ya arubaini! Nikafikiri. Nikakohoa.

"Sikumbuki, shangazi."

"Mwizi hodari wewe, mpaka kikohozi umekiiga. Nilikupa jogoo. Yeye angelikumbuka, alilia siku nzima alipochinjwa."

Mama akaninyang'anya simu. Hakuzoea, akaishika kama kikombe, akapiga kelele ndani yake, "Wifi! Ni mimi! Niko na mwanangu! Tunakuombeni!"

Nikamsikia shangazi anamwambia mtu aliye naye, "Khaa, leo wamekuja ukoo mzima." Ikakatika. Nikapiga tena, hakupokea.

Binamu yangu alicheka. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia, "Umejitahidi, yakhe, lakini umekosea mtu. Bwana yule angekufa kabla ya kusema naomba." Mwengine alinitukana. Mwengine akasema subiri, halafu nikasikia anauchezesha ule ujumbe wangu karibu na simu, sauti yangu mwenyewe, nzito, imeshiba: *Hata mkisikia ni sauti yangu hasa inakuombeni, jueni si mimi.* Akauliza, "Umesikia? Huyu ndiye yeye. Wewe nani?" Nilikaa juu ya mfuko wa saruji, nikaikata simu. Sauti yangu mimi watu waliizoea ikiamrisha. Ilipokuja inaomba, nani angeijua?

Na hata kama mmoja wao alishuku, angemuuliza nani? Group limefungwa. Pale mahala pekee ambapo wangeweza kuambizana "jamani, huyu kweli?", midomo yote imefungwa, na ufunguo umeyeyuka kwenye pipa nyuma ya duka langu.

Kaka hapokei namba ngeni kabisa. Nikampakia mama, tukaenda Kizimbani. Alasiri ilituadhinia njiani. Niliisikia kutoka misikiti mitatu, mmoja baada ya mwengine, na kila mmoja nikauambia moyoni, bado, bado kidogo.

Kaka alikuwa amekaa chini na wenzake wanabandua mdalasini, gome linatoka refu, jembamba, linajikunja lenyewe. Akaniona nashuka na kanzu ya chokaa, mkono umefungwa kanga ya mama.

"Naam," akasema, kana kwamba nimemwita. Kisha: "Imekuwaje?"

Nilimueleza nimesimama. Alipofika kwenye namba ngeni akainama, akatabasamu kidogo, kisu bado kimo mkononi.

"Kwa hiyo ndiye wewe uliyenipigia mara sita."

"Ndiye."

"Nikasema, mwizi gani huyu hachoki." Akatoa simu yake, akafungua lile group, akanionesha. Chini kabisa, pale pa kuandikia, pana yale maneno kwamba hapa anasema mwenye group tu. Juu yake ujumbe wangu. "Nisemee wapi sasa? Group si baraza."

Nilidhani ataendelea, na alikuwa na haki. Mama alikuwa nyuma yangu. Kaka akaweka kisu juu ya gome, akajipangusa mikono, akaanza kupiga. Mmoja mmoja. "Ni yeye kweli. Niko naye hapa. Ndio, ameomba. Wallahi ameomba, nimemsikia kwa masikio yangu." Kila alipolitaja neno hilo, wale wenzake waliokuwa wakibandua mdalasini walitazama chini. Kwa shangazi alisema, "Jogoo alikuwa mweupe, shangazi, namkumbuka mimi," na mara hiyo hiyo simu yake ikalia mlio wa pesa. Ikawa inalia. Wale wenzake nao wakatoa, vibarua wa siku, mmoja akatoa noti zilizonuka mdalasini. Ilipofika magharibi fedha zimetimia, zimo kwenye simu ya kaka, simu yenye kioo kilichopasuka na namba iliyosajiliwa kwa kidole chake mwenyewe.

Tukalipa. Hospitali ikapokea. Na mdogo wa mke wangu akapiga kusema orodha ya kesho, Ijumaa, ilifungwa alasiri, kitanda kapewa mwengine, na baada ya hapo ni mapumziko ya wikiendi. Wangemuingiza Jumatatu.

"Mwambie shemegi yako asije na mkono huo bila ya kuutibu," nikamsikia mke wangu kwa nyuma. Halafu, "Muulize kama amekula."

Nilivuka kesho yake. Alikuwa amelala kiubavu kama alivyoagizwa, uso haugeuki, na mimi nikikaa upande ule wa pazia ananijua kwa kikohozi. Ijumaa alisema pazia limefika puani. Jumamosi usiku hakikuwa kimebaki kitu cha kuona. Daktari alipolipima jicho Jumatatu asubuhi alinitoa nje, akaniambia katikati pameachia, atairudisha, nisitarajie makubwa. Nilimwambia nalijua jambo hilo. Nilimwambia mimi ni mtu wa kuta. Akanishika bega, na mimi kitu hicho, cha kushikwa bega na daktari koridoni, sijui mpaka leo nikiweke wapi.

Baada ya operesheni walimlaza kifudifudi siku nyingi, uso umetokeza ukingoni mwa kitanda unatazama chini, hakutakiwa kuunyanyua. Nilikuwa nalala sakafuni chini ya kitanda chake, chali, ili tuonane. Siku moja akaniuliza ile milio inalia wapi sasa, jogoo na ngoma. Nikamwambia hailii. Akasema, "Afadhali yule jogoo apumzike."

Mama alibaki kwangu, ghorofani, mikono ndani ya mafuta ya nazi, imefungwa vitambaa. Jirani alimwangalia asishike ufagio. Mtu ambaye sijapata kumuona amekaa bure aliambiwa kazi yake ni kukaa bure, na alikaa, na kila siku ya Mungu alipelekwa kibandani akaweka vidole, nyekundu, akarudi. Mpaka siku moja, kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kile ambacho hakishiki kamba, taa ikawa kijani. Nilikuwa nimesharudi na mke wangu. Nikatia laini kwenye simu mpya, na humo ndani kila kitu kilikuwa salama. Fedha zote zipo, hazikupungua senti. Niliwarudishia watu. Shangazi nilimpelekea mwenyewe, na jogoo juu yake.

Group nimelifungua. Nilibonyeza pale pale, wote wakaweza kusema, na siku mbili nzima hakusema mtu. Mle sasa tuko wawili wenye ufunguo, mimi na kaka. Mama nimemnunulia simu, ndiye anayesema sana. Anatuma ujumbe wa sauti mrefu, kuku wanalia, gongo linapiga makumbi, mwishoni ndiyo anasalimia.

Na mipango yangu sijaiacha, asije mtu akadhani nimeshindwa na chombo. Vidoto vipo. Ngoma inalia siku ya umeme. Nimeongeza mlio mmoja, wa maji yanayodondoka, ni wa dawa ya jicho, asubuhi na jioni. Ukilia, mke wangu anaweka chini kofia. Anashona bado, kwa jicho moja, pole pole. Kofia aliyoianza siku ya zile nyuzi nyeusi hajaimaliza. Natia matone. Halafu, kwa kuwa daktari alisema tupime, naenda kusimama mlangoni, pale pale kwenye mlango wa jiko wenye namba zake, ambao sikuupaka rangi. Anaziba kwa kiganja jicho lisilougua, ananitazama kwa lile lililorudishwa.

"Unaona nini?"

Anachukua muda. Hapendi kunidanganya.

"Kanzu," anasema. "Naona kanzu imesimama."

Nasogea hatua. "Na sasa?"

"Kanzu," anasema. "Sogea tena."